Karatasi za vikosi zinatumalizia jioni: nizipange vipi?

"Shikamoo kaka. Tuko wanne hapa Dodoma, tunakutana kila Jumamosi kibarazani kwetu Nkuhungu kucheza Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita wa mezani wa sanamu ndogo na dadu, toleo la 10. Jeshi langu lina vikosi 11. Nimeprinti ukurasa wa kila kikosi, sheria za jeshi na sheria za mchezo, jumla kurasa 38 ndani ya faili moja. Tunaanza saa nane mchana, na mpaka saa mbili usiku hatujafika raundi ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. Muda mwingi unaishia kwenye kupekua. Wenzangu wawili wanatumia simu, ila chaji ikiisha nao wanahamia kwenye faili langu. Mwezi uliopita mimi na mwenzangu mwenye jeshi la aina moja na langu tulikuta pointi za kikosi kilekile, yaani bei yake mtu anapojenga jeshi, ni tofauti kwenye karatasi zetu. Tulibishana mpaka akafunga sanamu zake akaondoka. Sasa nimeanza kutengeneza jedwali kubwa la ekseli lenye kila kitu, nimefika nusu. Niendelee? Nikimaliza nizipige laminesheni zote? Halafu mkubwa wetu analalamika kwamba maandishi ni madogo."

Marahaba, mdogo wangu. Jedwali la ekseli lisimamishe hapo lilipofika. Usilifute, tutalirudia, ila usiongeze mstari hata mmoja.

Nilivyokuelewa, unaamini mnachokosa ni mahali pamoja penye kila kitu. Mbona mahali hapo unapo tayari? Ni hilo faili lako la kurasa 38. Lina kila kitu, na ndiyo sababu linawachelewesha. Mimi mchana ni mtunza kumbukumbu kwenye masijala, kazi ambayo hapa makao makuu haikosi watu, na jioni ni mtu wa sanamu na dadu kama ninyi. Faili la masijala hupangwa ili karatasi isipotee: folio ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na tarehe yake, mkaguzi akija hata baada ya miaka kumi aikute. Halikupangwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, mkono mmoja umeshika dadu, huku mwenzake anamwangalia anamsubiri. Kurasa rasmi za vikosi ni za namna hiyohiyo. Aliyeziandika hajui wewe umebeba silaha zipi, kwa hiyo amekuandikia zote. Ukihesabu wino wa ukurasa mmoja utakuta sehemu kubwa inaeleza bunduki ambazo sanamu zako hazina.

Kuna wanaosema mchezaji mzuri hahitaji karatasi, aweke mambo kichwani kama wazee wa bao. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na aghalabu anayeitoa hajawahi kupanga jeshi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kweli fundi wa bao ana mchezo mzima kichwani. Lakini kete ya bao haina tabia yake; ukiibadilisha na nyingine hakuna kilichobadilika. Sheria zimekaa kwenye shimo na kwenye zamu. Kwenye mchezo wenu sheria zimekaa ndani ya sanamu yenyewe. Mchukue Intercessor, askari wa kawaida kabisa wa Space Marines, mojawapo ya majeshi ya mchezo huu: mwendo inchi 6, ugumu 4, kinga 3+ (yaani dadu ionyeshe 3 au zaidi), uhai 2, moyo 6+, udhibiti wa eneo 2. Bunduki yake, bolt rifle: umbali inchi 24, risasi 2, shabaha 3+, nguvu 4, kupenya -1, madhara 1. Hizo ni nambari 12. Zidisha kwa vikosi vyako 11 upate 132, na hapo nimekipa kila kikosi silaha moja tu, bila sheria zake maalumu. Kichwa kikilemewa na mzigo huo si uzembe.

Ila nambari hizo 132 haziulizwi sawasawa, na hapo ndipo pa kuanzia. Mwendo utaukariri mchezo wa pili tu, maana unautumia kila zamu. Udhibiti wa eneo unauangalia pale mnapogombea alama, zile sehemu za meza za kushikilia ili kushinda. Lakini ugumu, kinga na uhai mpinzani wako anakuuliza kila anapofyatua, na anakuuliza wewe, si karatasi yake. Kwa hiyo kila kikosi kina nambari unazozitumia mwenyewe na nambari unazodaiwa na mwenzako, nawe ukizichanganya kwenye safu moja ndefu, kama kurasa rasmi zinavyofanya, jicho linapita juu ya zile usizozihitaji kufuata ile moja unayodaiwa.

Sasa Jumamosi ijayo usitengeneze chochote. Cheza na faili lako lilelile, ila kando yako weka kaunta buku na peni. Kila mtu akifungua ukurasa au akigusa simu kutafuta kitu, mwandike alitafuta nini na upige kijiti kimoja. Likirudi swali lilelile, ongeza kijiti. Mkimaliza utakuwa na orodha ya maswali yaliyoulizwa kweli, na nakuhakikishia haitafanana na ile uliyokuwa nayo kichwani ulipoanza kujaza ekseli. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilidhani tunapoteza muda kwenye sheria ngumu. Nikakuta vijiti vingi vimelundikana kwenye swali moja la aibu: dadu ionyeshe ngapi ili kujeruhi. Kitu tulichodhani tunakijua sote.

Hilo nalo lina tiba rahisi, tukae nalo kidogo. Kanuni yenyewe inalinganisha nguvu ya silaha na ugumu wa anayepigwa. Zikiwa sawa unahitaji 4+. Nguvu ikizidi, 3+. Ikifika mara mbili ya ugumu au zaidi, 2+. Nguvu ikipungua, 5+. Ikiwa nusu ya ugumu au chini ya hapo, 6+. Ni kanuni nyepesi mchana ukiwa na chai, lakini saa moja usiku, raundi ya tatu, kila mtu anaikokotoa upya na mmoja kati ya wanne anakosea. Kwa hiyo nguvu ya bunduki usiiandike peke yake. Andika jibu. Chini ya bolt rifle, yenye nguvu 4, weka mstari mmoja: "ugumu 3 ni 3+, 4 ni 4+, 5 hadi 7 ni 5+, 8 na kuendelea ni 6+." Mpinzani akitaja ugumu wake, unasoma dadu moja kwa moja. Silaha nyingi za jeshi moja huwa na nguvu zinazolingana, kwa hiyo mistari yenyewe ni michache, mingine inajirudia. Kwangu mstari huu mmoja umeokoa muda kuliko mpangilio wowote wa rangi au vichwa vya habari.

Baada ya hapo tengeneza karatasi moja ya A4 kwa jeshi zima, pande mbili.

Upande wa mbele, kila kikosi na mistari miwili au mitatu. Jina kushoto, na hapohapo ubavuni mwa jina, kwa maandishi makubwa, zile nambari tatu anazokudai mwenzako: ugumu, kinga, uhai. Kisha mwendo. Mstari wa chini, silaha ulizobeba kweli na si nyingine, pamoja na ule mstari wa majibu. Usipange vikosi kwa alfabeti. Hakuna anayetafuta kikosi kwa herufi wakati sanamu zake ziko mbele ya macho yake. Panga kwa kazi: wanaopiga kwa mbali juu, wanaosogea kushika alama katikati, wanaopigana ana kwa ana chini. Ikifika awamu ya kufyatua, macho yako yanabaki nusu ya juu ya karatasi. Kikosi kikiisha, kipige mstari kwa penseli. Utashangaa jinsi karatasi inavyozidi kusomeka raundi baada ya raundi, kwa sababu jeshi linapungua na maandishi yanapungua nalo.

Upande wa nyuma sahau vikosi, fuata zamu. Toleo lenu lina awamu tano: amri, mwendo, kufyatua, kuvamia, kupigana. Andika vichwa hivyo vitano, na chini ya kila kimoja yale tu mnayoyasahau. Chini ya amri, kwa mfano: kila mchezaji anapata pointi moja ya amri, hata asiye na zamu, na kikosi kilichobaki chini ya nusu kinatupa dadu mbili, jumla ifikie moyo wake. Sheria maalumu za vikosi nazo zigawanye humu kwa awamu. Kikosi chenye sheria inayofanya kazi wakati wa kuvamia, sheria hiyo iandikwe chini ya kuvamia pamoja na jina la kikosi, hata kama ukurasa rasmi unaiweka kwingine. Sheria nyingi hazisahauliki kwa ugumu wake. Zinasahaulika kwa sababu zimeandikwa mahali ambapo macho hayapo zinapohitajika.

Kuhusu lugha, maana najua swali hilo litafuata: andika kwa Kiswahili mnachozungumza mezani, lakini juu ya kila safu bakiza herufi ileile ya kitabuni, kama T kwa ugumu. Ukihitaji kurudi kitabuni kutatua ubishi, herufi ndiyo itakayokupeleka. Na mkubaliane maneno. Meza moja niliyowahi kuikaribia, mmoja alisema "uhai", mwingine "majeraha", wa tatu "damu", wote wakimaanisha kitu kimoja, na nusu ya ubishi wao ilikuwa hapo.

Sasa pointi, chanzo cha ugomvi wenu. Kuna dhana kwamba mmoja wenu alikosea. Inawezekana kabisa wote mlikuwa sahihi, kila mmoja kwa tarehe yake. Games Workshop, kampuni yenye mchezo huu, wanatoa pointi kwenye waraka wa peke yake, bure, na huubadilisha mara kadhaa kwa mwaka ili kusawazisha majeshi. Nambari za sanamu zenyewe hubadilika kwa nadra zaidi. Mambo mawili yenye mwendo tofauti namna hiyo hayafai kukaa kwenye karatasi moja, kama vile sisi masijala hatuweki barua za kila siku kwenye faili la hati za kiwanja. Kwa hiyo zile A4 zisiwe na pointi hata moja. Pointi zikae kwenye karatasi moja ya pembeni, moja tu kwa wote wanne, mtunzaji mmoja, na juu yake tarehe ya waraka aliounakili. Wekeni na siku ya kufunga, tuseme Alhamisi usiku. Waraka mpya ukitoka Ijumaa, mtauanza wiki inayofuata, asije mtu Jumamosi na habari aliyoipata njiani.

Tarehe iandike pia kwenye kila A4, kwenye kona ya chini. Ni tabia ya kikarani, lakini siku mtakapokuta karatasi mbili za jeshi moja hamtahitaji kuulizana nani mkweli.

Hapo na laminesheni imejijibu nusu. Unachopiga laminesheni umekifunga. Piga ile A4 baada ya kuicheza Jumamosi tatu hivi bila kutaka kuirekebisha, si kabla. Karatasi ya pointi usiipige kamwe. Kibarazani kwa Dodoma plastiki ina faida yake, maana upepo wetu wa kiangazi hauna adabu na vumbi linaingia kila mahali, na unaweza kuandika juu yake kwa maka peni ya ubao mweupe ukafuta. Ubaya wake ni kung'aa. Chini ya balbu moja ya dari, karatasi ya laminesheni inageuka kioo na kila mtu anaiinamisha huku na huku kutafuta pembe ya kusoma. Mimi natumia mfuko wa plastiki wa faili, ule wa kuchomeka karatasi: unazuia vumbi na chai, natoa karatasi ninapotaka, na hauhitaji mashine. Upepo usiupeperushe, naukandamiza kwa kijiwe.

Simu nazo zina mahali pake. Kujenga jeshi nyumbani na kujumlisha pointi, simu inaishinda karatasi bila ubishi. Mezani ndipo inapokwama, na si kwa sababu ya chaji tu. Kioo cha simu kinaonyesha kikosi kimoja kwa wakati, na kinamwonyesha mwenye simu peke yake. A4 iliyolala mezani mpinzani anaisoma mwenyewe bila kukuuliza, na swali lisiloulizwa ndilo la haraka kuliko yote. Halafu msiamini kuwa cha kwenye simu ni kipya kwa vile tu kiko kwenye simu. Programu ambayo haijasasishwa ni karatasi ya zamani yenye taa. Nyingine data zake zinajazwa na wapenzi wa mchezo kwa kujitolea, kazi nzuri sana, lakini makosa yanapita.

Basi ekseli ni ya nini? Ya karatasi ya pointi. Kikosi, idadi, pointi, tarehe, na chini jumla ijihesabu. Mnapokuwa wanne na majeshi yenu hayabadiliki ovyo, zaidi ya hapo ni kazi inayozaa kazi: kila waraka ukitoka utakuwa unarekebisha seli mia kwa ajili ya kumi zinazotumika. Kama mngekuwa klabu yenye majeshi kumi na tano ya kuazimana ningekushauri tofauti, ningekuambia ulimalize jedwali na karatasi zichapwe kutoka humo. Hamjafika huko.

Jambo moja dogo. Msiandike majeraha kwenye karatasi hii. Kuna michezo ambayo karatasi ndiyo mwili wa sanamu. Kwenye BattleTech kila roboti ina karatasi yake yenye viduara vya silaha za kujikinga, na kila kikipigwa unakipaka wino, kwa hiyo mchezo mpya unataka karatasi mpya. Wenu si wa hivyo. Gari lililopoteza uhai liwekeeni dadu pembeni yake linaloonyesha uliobaki, karatasi ibaki safi.

Niseme ukweli pia juu ya kile ambacho karatasi haitatatua. Tuchukulie wanacheza wawili, mnapekua mara nane kwa kila zamu ya kila mchezaji, raundi tano: hizo ni mara 80, na kila moja ikila dakika moja ni saa moja na dakika ishirini. Hizo ndizo naweza kukurudishia, au sehemu yake kubwa. Saa sita zenu hazitakuwa tatu kwa hilo peke yake. Mchezo wa pointi 2,000 kwa watu ambao bado wanajifunza ni mrefu, basi. Chezeni pointi 1,000 kwa miezi miwili. Sheria zenyewe zina ukubwa huo. Vikosi vitano au sita vinaingia upande mmoja wa A4 kwa maandishi makubwa, na raundi ya tano mtaiona jua likiwa bado lipo. Na kama raha yenu ni sanamu na mbinu kuliko sheria, OnePageRules wana sheria za bure ambazo kila kikosi kina nambari mbili za msingi, ubora na kinga, na sanamu mlizonazo zinafaa. Mtapoteza ule utajiri wa kila askari na tabia yake. Wapo wanaoona hasara hiyo kubwa, mimi mmojawapo, lakini Jumamosi ni zenu.

Uchovu wa majedwali, kwa taarifa yako, haukuanzia Nkuhungu. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwapa wanajeshi wenzake mchezo wa vita wa ramani wenye dadu, majedwali ya hasara na mwamuzi wa kuyasoma. Maafisa wengi waliona majedwali yanawachosha, na mwaka 1876 Verdy du Vernois, naye wa jeshi hilohilo, akapendekeza yaondolewe na mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Sikushauri mfike huko. Kati ya marafiki wanne, mwamuzi asiye na jedwali atagombana na watatu. Ila nusu ya wazo chukueni: asiyecheza duru hiyo ndiye ashike lile faili la kurasa 38, na yeye peke yake ndiye alifungue mkikwama. Wanaocheza wana A4 zao.

Kabla ya kuiamini karatasi yako, mpe mtu wa nyumbani asiyejua mchezo, dada au mdogo wako, umuulize: "Kikosi cha tatu, kinga yake ngapi?" Akiipata kabla hujahesabu tano, imepita. Akiuliza "kinga ndiyo ipi?", tatizo ni kichwa cha safu. Na kama baada ya Jumamosi tatu za namna hii bado hamvuki raundi ya tatu, msiniandikie tena, mtafuteni mtu aliyecheza muda mrefu akae kwenye kiti pembeni yenu mchezo mzima, asiguse kitu, aangalie tu. Kuna ucheleweshaji unaoonekana kwa macho peke yake: anayesogeza sanamu moja moja kwa rula, anayetupa dadu kumi moja baada ya nyingine. Barua haiwezi kuuona.

Huyo mkubwa wenu usimlaumu, wala usiishie kukuza maandishi. Maandishi yasiwe chini ya saizi 12, na msitegemee rangi kutofautisha vikosi, kwa sababu steshenari nyingi mtatoa kopi nyeusi na nyeupe na rangi zote zitakuwa kijivu. Lakini kama ana miaka arobaini na kitu na anashika karatasi mbali kama anasoma bango la barabarani, hilo ni la lenzi ya jicho, ambayo hupoteza unyumbufu kadiri umri unavyosogea. Hospitali wanapima macho kwa muda mfupi na miwani ya kusomea itamfaa hata kazini. Hakuna mpangilio wa karatasi utakaoshindana na hilo.

Na yule aliyefunga sanamu zake akaondoka, usimtumie ujumbe wa kumweleza waraka upi ulikuwa sahihi. Mpigie simu, mwambie mnahitaji mtu wa kutunza karatasi ya pointi, na kwamba ni yeye.